Mwanangu anamwogopa bibi yake kwa sababu ya filamu. Nifanye nini?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Naishi Mwanza na mume wangu na watoto wetu wawili. Miezi minne iliyopita, baada ya baba mkwe kufariki, tulimchukua mama mkwe kutoka kijijini Kishapu aje kukaa nasi. Ana miaka kama 76, anatembea kwa fimbo, na macho yake ni mekundu tangu nimjue. Mwanangu wa miaka 6 hushinda akiangalia filamu na dada wa kazi. Sasa hataki kula chakula alichopakuliwa na bibi yake, halali mpaka mlango wa chumba cha bibi ufungwe, na juzi alisema mbele ya jirani kwamba bibi ni mchawi kama yule wa kwenye filamu. Mama naye kwa wiki sita sasa anaamka usiku na kuongea peke yake, na mara mbili tumemkuta mlangoni akitaka kwenda 'nyumbani'. Mchana hujifungia chumbani. Mume wangu anasema huo ni uzee tu, na filamu ni mchezo, nisikuze mambo. Je, filamu inaweza kweli kumfanya mtoto amchukie bibi yake? Nizifungie zote? Na mama nimwambie?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa utulivu juu ya jambo linaloumiza. Katika maelezo yako nimeona hofu tatu: mtoto anayemkimbia bibi yake, mama ambaye usiku si yule wa mchana, na neno zito ambalo limeshatamkwa mbele ya jirani. Umeyaandika kama jambo moja, na ninaelewa kwa nini, kwa kuwa yote yanatokea katika nyumba moja na yanamhusu mtu mmoja. Mimi nitayatenganisha, kwa sababu filamu inahusika na la kwanza na la tatu, lakini la pili ni la hospitali. Kama leo huna nafasi ya kusoma jibu lote, anza na sehemu inayozungumzia usiku.

Mume wako anasema filamu ni mchezo. Kwa mtu mzima aliyekua akiwajua wazee wengi, bibi mzaa baba, bibi mzaa mama, jirani mkali, jirani mpole, mwalimu mstaafu, kauli hiyo ina ukweli wake, kwa sababu bibi mmoja wa kwenye filamu akiingia kichwani mwake anawakuta mabibi kumi wa kweli wameshakaa. Mwanao hana hao kumi. Amekulia mjini, na bibi yake alikuwa mtu wa kuonwa wakati wa likizo, kwa hiyo si ajabu kama kabla ya miezi minne iliyopita alikuwa ameona vikongwe wengi zaidi kwenye televisheni kuliko uso kwa uso. Mtoto wa miaka 6 anaweza kukuambia bila kusita kwamba yule mama kwenye filamu ni mwigizaji. Kisicho wazi kwake ni kama watu wa aina ile wapo duniani, na akikutana na mtu mwenye fimbo ileile, kanga iliyofungwa vilevile na macho yaleyale, anahitimisha kwa akili yake ndogo, na kwa mantiki nzuri kabisa, kwamba huyu ni mmoja wao. Usimwone mtoto huyu kuwa na roho mbaya. Ametumia ushahidi aliopewa.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukaamini kwamba filamu ndizo zilizoleta maneno haya. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya kazi ya miaka mingi juu ya suala hili, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo yalitokea Usukumani, ambako ndiko kwenu. Katika miaka hiyo yote Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, kwa kuwa Zanzibar ilianza kurusha matangazo miaka ya 1970 lakini Bara ilisubiri mpaka 1994. Macho mekundu, yanayohesabiwa na wengi kuwa alama ya mchawi, kwa hiyo yalikuwa yakiwagharimu bibi zetu maisha kabla kamera haijafika, na nyuma ya tuhuma nyingi palikuwa na shamba linalogombewa, mjane asiye na mtetezi, au mtoto aliyefariki kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeueleza. Nchini Kenya hali haiko tofauti sana: katika Kaunti ya Kilifi tuhuma huambatana mara nyingi na ugomvi wa ardhi, kiasi kwamba huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godhoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia makwao, na mwaka 2021 wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu huko Marani, Kaunti ya Kisii.

Filamu iliikuta imani hiyo njiani, ikaipa sura moja na kuisambaza. Imani iliyokuwa na rangi tofauti katika kila wilaya, na ambayo mtoto aliisikia kwa kunong'onezwa na watu wazima, sasa inaingia sebuleni mchana kweupe na kurudiwa, ikiwa na muziki wake na mavazi yake, na mtoto wa Mtwara na wa Mombasa na wa Mwanza wote wanafundishwa kumtambua mchawi kwa alama zilezile. Hapo ndipo ninapoona madhara yake makubwa, na ningependa tukae hapo kidogo.

Fikiria namna filamu nyingi za bei nafuu zinavyotengenezwa. Siku za kupiga picha ni chache, fedha ni kidogo, na mwandishi hana nafasi ya kumjenga mhusika taratibu mpaka mtazamaji amwelewe, kwa hiyo anahitaji alama ambayo mtu akiiona mara moja tu anajua ni nani anayeleta balaa. Mwili wa mwanamke mzee unampa alama hiyo bila gharama. Mgongo uliopinda, meno yaliyopungua, kikohozi, mkono unaotetemeka, macho mekundu, ukimya, kukaa peke yake jioni, kuamka usiku. Isome tena orodha hiyo polepole, dada yangu, kwa sababu hakuna hata kimoja ndani yake kinachohusu tabia. Mifupa iliyopoteza uimara, fizi zilizougua, mapafu na macho yaliyokaa miaka hamsini mbele ya mafiga, mishipa ya fahamu, upweke, usingizi uliobadilika. Filamu inachukua dalili za mwili na kuzisoma kama dalili za roho. Halafu kamera inawekwa chini ikielekezwa juu kumtazama, taa inawekwa kidevuni, sauti inashushwa, na anayetazama anajifunza kuogopa kitu ambacho, kama ataishi, yeye mwenyewe atakuwa nacho.

Wanaume wazee hawatendewi hivyo kwa kiwango kilekile. Mzee wa kiume katika filamu zetu anaweza kuwa mganga au mchawi, ndiyo, lakini pia anaweza kuwa tajiri, mshauri, baba mwenye msimamo, au mchekeshaji anayependwa. Marehemu Amri Athumani, tuliyemjua kama Mzee Majuto, na marehemu Benson Wanjau wa Kenya, aliyekuwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi, waliingia katika nyumba zetu kwa miaka mingi na tukawakaribisha kama ndugu. Ninawaheshimu sana. Hata hivyo, ni vizuri kukumbuka kwamba Mzee Ojwang' alianza kuigiza uzee kabla hajazeeka, na kwamba sehemu ya kicheko chetu ilitokana na mzee asiyeelewa, anayesahau, anayedanganywa. Mzee wa kuchekwa haumizi kama bibi wa kuogopwa, lakini wote wawili wanatufundisha kwamba mtu akishazeeka hatuna haja ya kumsikiliza kwa makini.

Jambo hili limechunguzwa kwingine pia. Mtafiti George Gerbner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliichunguza televisheni ya Marekani kwa miaka mingi, na katika kazi waliyoichapisha mwaka 1980 walionyesha kwamba wazee walikuwa hawaonekani karibu kabisa katika tamthilia, na kwamba waliotazama sana televisheni walielekea kuamini mambo mabaya zaidi juu ya wazee, kwa mfano kwamba afya zao zinazidi kudhoofu kizazi hadi kizazi, jambo ambalo halikuwa kweli. Hoja ya Gerbner ilikuwa kwamba filamu moja haimbadilishi mtu, ila picha ileile ikirudiwa mara mia inakuwa kama hewa ya nyumba, hakuna anayeiona na kila mtu anaivuta. Kwa mwanao, ambaye unasema anashinda akitazama, hii ndiyo njia ninayoiona. Na usimsahau dada wa kazi: binti huyo naye huenda anaamini anachokiona, na maneno anayoyasema wakati wa kutazama, "ona, ona, ndivyo walivyo", yana nguvu kuliko filamu yenyewe, kwa sababu yanatoka kwa mtu mzima anayemlisha na kumwogesha.

Kuna mtazamaji mwingine ambaye hukumtaja, naye ni mama mwenyewe. Unasema mchana anajifungia chumbani. Kuta za nyumba zetu si nene, na mwanamke aliyekulia Kishapu anajua vizuri kuliko wewe na mimi maana ya bibi wa macho mekundu kwenye filamu. Profesa Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale aliwafuatilia watu 660 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika mji mmoja wa jimbo la Ohio, na mwaka 2002 akaonyesha kwamba waliokuwa na mtazamo mwema juu ya uzee wao waliishi wastani wa miaka saba na nusu zaidi ya wale waliouona uzee wao kama anguko. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba mtazamo peke yake ndio ulioongeza miaka, ingawa watafiti walizingatia pia afya na kipato cha watu hao. Hata hivyo unatuonyesha kwamba picha tunayompa mzee juu yake mwenyewe haibaki kwenye kioo cha televisheni, inamfuata mezani, kwenye dawa anazokunywa au kuziacha, na kwenye uamuzi wa kutoka nje au kubaki ndani.

Sasa, uzifungie filamu zote? Kwa filamu za kutisha, ndiyo, zifunge leo, na hapo sina mjadala: mtoto wa miaka 6 hana faida yoyote ndani yake. Vingi vya ving'amuzi vina namba ya siri ya kuzuia vituo, na simu ya dada wa kazi nayo ihesabiwe, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayotumika wakati televisheni imezimwa. Zungumza na binti huyo kwa upole na bila kumdhalilisha, umweleze sababu, kwa kuwa akiona ni amri tu atazificha. Ila kuzima hakutoshi. Hofu imeshaingia, na ukiondoa filamu bila kuleta kitu kingine utakuwa umeondoa picha mpya na kuziacha za zamani kichwani, tena mtoto anaweza kufikiri umezizima kwa sababu zilikuwa za kweli.

Kwa hiyo, mwonyeshe namna uzee wa filamu unavyotengenezwa. Jumamosi moja mpake poda kwenye nywele, mfunge shuka, mpe fimbo, mpige picha kwa simu ukiwa umekaa chini na tochi ikiwa chini ya kidevu chake, kisha mpige nyingine karibu na dirisha mchana, akiwa anatabasamu. Aone mwenyewe kwamba ni mtoto yuleyule na kilichobadilika ni taa. Angalieni kwamba mchezo huo usiwe wa kumwigiza bibi, awe mfalme mzee au nahodha mzee wa jahazi, na ufanyike mama akiwa anajua, asije akaona kwa bahati mbaya akadhani anachekwa.

Kuhusu chakula, usimlazimishe. Ukimshika mdomo ukamlisha kutoka mkono wa bibi, utaongeza hofu. Pakua wewe kwa muda, kutoka chungu kimoja, wewe na mama mkale kwanza mbele yake, na umwache aone. Kinachoondoa hofu ya namna hii ni kazi ndogo ya pamoja inayorudiwa kila siku, kama kuchambua maharage, kumwagilia mchicha, kuhesabu vifungo, kumfundisha mtoto kuhesabu kwa Kisukuma. Dakika kumi zinatosha, nawe ukiwa karibu. Bibi anayejua kitu ambacho mtoto hakijui ana nafasi nzuri ya kushindana na yule wa kwenye kioo.

Ninyi watu wazima mnaweza kutafuta filamu zinazomwonyesha mzee kama mtu kamili. Ipo filamu ya mwaka 2010 juu ya Mzee Kimani Maruge wa Kenya, aliyejiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na aliyeigizwa na Mkenya Oliver Litondo. Itazameni wewe na mume wako, si mtoto, kwa kuwa ina matukio ya mateso ya wakati wa ukoloni wa Kiingereza. Hata hiyo ina upungufu wa aina yake, kwamba mzee anapata heshima kwa kufanya jambo lisilo la kawaida, wakati mama yenu anastahili heshima hata akikaa tu barazani akiota jua.

Nirudi kwenye usiku, na hapa nitazungumza kwa mkazo. "Ni uzee tu" si jibu. Uzee hauamshi mtu usiku akaongea na watu wasiokuwepo, wala haumpeleki mlangoni akitafuta nyumba iliyo umbali wa safari ya basi. Kuna sababu nyingi, na baadhi zinatibika kabisa. Mkanganyiko unaoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, na unaopanda na kushuka, mara nyingi hutokana na maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, upungufu wa maji mwilini au sukari kushuka, na mtu wa hivyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa mama yenu imekuwa wiki sita, kwa hiyo daktari atafikiria pia demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, ambao kwa kawaida huonekana wazi zaidi jioni na usiku, hasa mtu akihamishiwa mahali asipopazoea. Atafikiria huzuni, kwa maana amefiwa na mume na kuondolewa kwake ndani ya msimu mmoja. Atauliza kama aliwahi kuanguka na kugonga kichwa. Atauliza dawa, na ninakuomba uzichukue zote uende nazo, pamoja na zile za mafua na mzio zinazonunuliwa dukani kama piritoni, kwa kuwa kwa wazee zinaweza kuvuruga akili. Na atapima macho, kwa sababu mtu ambaye uwezo wake wa kuona umepungua sana anaweza kuona sura za watu wasiokuwepo bila kuwa na ugonjwa wowote wa akili.

Macho yenyewe yanahitaji daktari wa macho. Wekundu wa miaka mingi kwa mwanamke wa kijijini kwenu hutokana mara nyingi na moshi wa kuni na wa samadi kavu ya ng'ombe, vumbi, ukavu, kinyama cha jicho, au trakoma, ambayo wengi huiita vikope na ambayo isipotibiwa hupofusha. Ombeni rufaa ya hospitali ya Bugando hapo Mwanza, ambako mtapata daktari wa macho na wa afya ya akili mahali pamoja. Uliza pia utaratibu wa matibabu ya wazee kabla hamjalipa chochote.

Ninalisisitiza hili kwa sababu demensia ndiyo inayokamilisha picha ya filamu. Kila mwaka tunasikia kwamba bibi fulani amekutwa alfajiri uani kwa watu akiwa uchi, hawezi kueleza amefikaje, na watu wanasema ameanguka na ungo. Wengi wa hao, kwa uzoefu wangu, ni wagonjwa waliopotea njia usiku. Mama akitoka mlangoni kwenu saa tisa usiku, jirani aliyekwisha kulisikia neno la mwanao atakuwa na hadithi nzima tayari. Wekeni komeo juu ya mlango mahali asipopafikia kwa urahisi, taa ndogo ya kuelekea chooni, na mtu mzima alale chumba cha karibu. Msimfungie peke yake kwa kufuli, kwa sababu moto ukitokea hatatoka, tena kufungiwa huzidisha mahangaiko.

Kuhusu jirani, mume wako aende mwenyewe, mapema, kabla ya maneno kuzaa maneno. Amwambie kwamba mama anaumwa, anapelekwa hospitali, na kwamba akimwona nje usiku awapigie simu. Jirani aliyepewa kazi ya kulinda hupata kitu kingine cha kusimulia. Lakini kama kuna mtu atakayetishia, atakayeleta mganga wa kupiga ramli, au kama maneno yatarudi kutoka Kishapu kwa ndugu wanaodai chochote juu ya shamba la marehemu, msikae mkisubiri: nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, afisa ustawi wa jamii na polisi siku hiyohiyo, na mama asilale peke yake hata usiku mmoja. Mwanao naye, ikiwa baada ya wiki nne au sita za kufanya haya bado halali, anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha, au anakataa kula, mlete kwa mwanasaikolojia wa watoto aonwe ana kwa ana.

Umeuliza kama umwambie mama. Anajua, dada yangu. Mtu aliyepakua chakula akaona sahani inasukumwa hahitaji kuelezwa. Usimpelekee lile neno jinsi mtoto alivyolisema, kwa kuwa kwake si neno la filamu, ni neno lililowahi kuchoma nyumba za wanawake aliowajua. Mwambie tu kwamba mtoto ameogopeshwa na mambo aliyoyatazama, kwamba mmeyazima, na kwamba unaomba msaada wake. Kisha, siku ambayo akili yake imetulia, asubuhi kwa kawaida, mkalishe mtoto karibu yako na umwombe mama amweleze mjukuu wake kwa nini macho yake ni mekundu: mafiga yalikuwa wapi, kuni alizifuata umbali gani, na ni nani waliokula kila siku kutoka chungu alichokipuliza moto, akianza na baba yake mtoto.